John Peel, mtangazaji aliyezipa sikio bendi ambazo hakuna aliyezitaka

Kama uko na wimbo kwenye simu, ule mliorekodi na marafiki wawili chumbani huku godoro limeegemezwa dirishani ili kelele za bodaboda zisiingie, basi unajua swali linalofuata. Nani atausikiliza? Sisemi kuupenda. Kuusikiliza tu, mwanzo hadi mwisho. Unautuma kwa dijei, unaona zile alama mbili za buluu, halafu kimya.

Leo wacha nikupe stori ya mtu ambaye kwa miaka 37 kazi yake ilikuwa kusikiliza. Aliitwa John Peel, mtangazaji wa BBC kule Uingereza, na alifariki mwaka 2004, pengine wewe ukiwa hujazaliwa. Watu wakimtaja siku hizi hukimbilia majina makubwa aliyoyacheza mapema: David Bowie, Pink Floyd, Joy Division, The Smiths, The White Stripes. Ni sawa, lakini mimi hayo hayanisisimui sana. Wengi wao wangeomoka tu hata bila yeye. Kinachonivuta ni wale wengine, mamia kwa mamia ya bendi zilizodumu miaka miwili, zikatoa santuri moja au mbili, zikavunjika na kusahaulika, lakini ambazo usiku fulani zilisikika kwenye redio ya nchi nzima kwa sababu jamaa huyu aliamua zinastahili.

Jina lake halisi lilikuwa John Robert Parker Ravenscroft. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1939 karibu na Liverpool, siku chache tu kabla ya Vita Vikuu vya Pili kuanza. Babake alikuwa mfanyabiashara wa pamba, kwa hivyo usidhani hii ni stori ya mtoto wa mtaa wa mabanda. Pesa zilikuwepo. Kilichokosekana ni baba mwenyewe, ambaye alikuwa vitani, na John alikuwa na umri wa kama miaka sita hivi alipoanza kumjua. Baadaye akapelekwa shule ya bweni ya Shrewsbury, na masomo hayakumwendea. Mwalimu aliyesimamia bweni lake aliwahi kuandika kwenye ripoti, nusu mzaha, akijiuliza kama kijana huyu angeweza kujitafutia riziki kutokana na mapenzi yake kwa santuri zisizosikilizika. Sijui kama mwalimu huyo alijua anatabiri.

Baada ya shule alitumikia jeshi miaka miwili, kama vijana wote wa Uingereza walivyolazimika enzi hizo, kisha mwaka 1960 babake akamtuma Marekani kujifunza biashara ya pamba kule Texas. Pamba haikumwingia. Akaishia kufanya kazi kwenye kampuni ya bima mjini Dallas. Na hapo ndipo maisha yake yanaanza kuwa na vituko. Rais Kennedy alipouawa mjini humo Novemba 1963, Ravenscroft alijitosa hadi makao makuu ya polisi, akawaambia maafisa kwamba yeye ni ripota wa gazeti la Liverpool Echo, wakamruhusu kuingia kwenye chumba ambamo mshukiwa Lee Harvey Oswald alikuwa akionyeshwa kwa wanahabari. Hakuwa ripota wa gazeti lolote. Lakini kuna picha za filamu zinazomwonyesha amesimama pale pale.

Miezi michache baadaye Beatles wakatua Marekani na vijana wa huko wakapagawa. Ghafla kila kituo cha redio kilitaka mtu yeyote mwenye harufu ya Liverpool. Ravenscroft alizaliwa ng'ambo tu ya mto kutoka Liverpool, na lafudhi yake ilikuwa ya shule ya kitajiri, lakini Mmarekani wa Dallas angejuaje tofauti? Basi hivyo ndivyo alivyopata kazi ya redio. Hakuwa na kipaji walichokiona. Alitoka mahali palipofaa, wakati uliofaa. Nadhani hakuwahi kusahau hilo. Mtu anayejua kwamba mlango wake ulifunguliwa kwa bahati tu, akiona wengine wamesimama nje, hawadharau.

Alirudi Uingereza mwaka 1967 na kupata kazi Radio London, kituo cha maharamia. Ndiyo, maharamia. BBC ilikuwa haitaki kabisa kucheza muziki wa vijana kutwa nzima, kwa hivyo wafanyabiashara walikuwa wakitia nanga meli baharini, nje ya mpaka wa sheria, na kurusha matangazo kutoka humo. Ni katika kituo hicho alikopewa jina la Peel, na ni huko alikopewa zamu ya kuanzia saa sita usiku, saa ambayo mabosi hawasikilizi. Akagundua kwamba anaweza kucheza chochote. Agosti mwaka huo sheria ya serikali ya kuzima redio hizo za baharini ikaanza kutumika, na mwezi uliofuata, 30 Septemba 1967, BBC ikafungua Radio 1 ili kuwapa vijana walichonyang'anywa. Peel alikuwa miongoni mwa watangazaji wa kwanza. Wenzake wote wa kundi hilo la kwanza waliondoka mmoja mmoja. Yeye alibaki mpaka kifo.

Sasa tuje kwenye kile kilichonifanya nikuandikie.

Mwaka 1969 Peel na rafiki yake Clive Selwood walianzisha lebo ya muziki. Waliipa jina Dandelion, ambalo lilikuwa jina la hamsta wake wa kufugwa. Hapo tayari unaona hawakuwa watu wa biashara. Sababu kubwa ya kuianzisha ilikuwa dada mmoja mwenye gitaa na sauti nzito, Bridget St John, ambaye Peel alimpenda na akaona hakuna kampuni ingemrekodi. Basi akaunda kampuni. Wengine wakafuata. Kulikuwa na Principal Edwards Magic Theatre, wanafunzi wa chuo kikuu cha Exeter zaidi ya kumi, wapiga vyombo, wachezaji densi, washairi na watu wa taa, ambao walihamia kuishi pamoja kwenye nyumba moja shambani kama familia. Kulikuwa na Tractor, jamaa wawili wa maeneo ya Rochdale waliokuwa wakipiga roki nzito na nyimbo za taratibu kwenye albamu moja. Kulikuwa na Medicine Head, wawili pia, ambao mwaka 1971 walifanikiwa kuingiza wimbo mmoja kwenye thelathini bora za Uingereza, na huo ndio ukawa ushindi mkubwa wa lebo nzima.

Halafu kulikuwa na Stack Waddy wa Manchester. Hawa walikuwa wanapiga roki ya fujo, chafu, kama watu wanaosukuma kabati chini ya ngazi. Inasimuliwa kwamba walipowekwa jukwaani mbele ya wakubwa wa kampuni za Marekani waliokuja kutafuta vipaji, mwimbaji wao alilewa mpaka akakojoa pale pale jukwaani. Mkataba wa Marekani ukaishia hapo. Ukiwasikiliza leo utashangaa vile wanavyofanana na panki, ila walikuwepo miaka mitano au sita kabla ya panki kupata jina. Wangechelewa kidogo kuzaliwa labda ungekuwa na fulana yao.

Dandelion ilitoa albamu zaidi ya 20 na kufa mwaka 1972. Nyingi za santuri hizo hazikuuzwa. Peel hakuwa ameingia humo kutafuta faida na hakuipata. Ukiuliza watu wa biashara watakwambia ilikuwa hasara tupu, na kwa hesabu zao ni kweli. Lakini hebu fikiria, bila hamsta huyo kupewa lebo, hakungekuwa na ushahidi wowote kwamba Stack Waddy waliwahi kuwepo.

Njia yake nyingine ya kuzisaidia bendi ndogo ilikuwa ya werevu zaidi, na wala hakuibuni yeye. Wakati huo BBC haikuruhusiwa kucheza santuri saa zote. Chama cha wanamuziki na kampuni za santuri walikuwa wamewekea kikomo muda wa muziki wa kurekodiwa hewani, ili wapigaji wa moja kwa moja wasikose kazi. Kwa hivyo BBC ilibidi ijaze pengo hilo kwa kualika bendi kuja kurekodi maalumu kwa ajili ya redio. Watangazaji wengine waliuona huo mzigo. Peel na produsa wake, John Walters, aliyekuwa mpiga tarumbeta zamani, waliugeuza kuwa daraja.

Ilikuwa hivi. Bendi inaitwa studio za Maida Vale, London. Wanafika mchana na gari la kukodi, wanashusha ngoma na spika, wanafunga vyombo, wanarekodi nyimbo nne kwa kawaida, jioni fundi anachanganya sauti, usiku wanarudi kwao. Siku moja, kazi imeisha. Na BBC inawalipa. Kwa vijana wa mji mdogo ambao hawajawahi kuingia studio ya maana, ambao labda wana nyimbo sita tu maishani mwao, hiyo ilikuwa kama kuitwa timu ya taifa. Wiki kadhaa baadaye wanakaa jikoni kwa mama yao saa nne usiku, redio imewashwa, na yule jamaa mwenye sauti ya taratibu, kama mtu anayeongea nawe peke yako, anataja jina la bendi yao.

Kufikia kifo chake, zaidi ya bendi na wanamuziki 2,000 walikuwa wamepitia humo, na rekodi hizo zilipita 4,000. Hesabu mwenyewe. Unawajua wangapi? Hata shabiki sugu wa muziki wa Uingereza atakwama mapema, na waliobaki wote ni wale ninaokuambia.

Mwaka 1976 alipata albamu ya kwanza ya Ramones kutoka New York, akaanza kuicheza. Barua za hasira zikamiminika. Wasikilizaji wake walikuwa wamezoea nyimbo ndefu za gitaa na sasa wanapigiwa kelele za dakika mbili mbili. Wengine walimwamuru asirudie tena. Yeye alicheka na kuongeza. Kwa muda mfupi wasikilizaji wa zamani wakahama na vijana wa shule wakachukua nafasi yao. Peel alikuwa anaelekea miaka 37. Wachache wako tayari kufukuza mashabiki wao wenyewe katika umri huo.

Panki iliwaambia vijana kwamba huhitaji kibali cha mtu. Bendi moja ya London, Desperate Bicycles, ilichukua maneno hayo kama yalivyo. Mwaka 1977 walikodi studio kwa saa chache, wakatengeneza nakala 500 za santuri yao ya kwanza, na gharama yote ikawa pauni 153. Nakala zikaisha, faida ikalipia santuri iliyofuata, na wao wakaanza kuwatangazia wengine jinsi kazi ilivyo rahisi. Punde kila mji ulikuwa na vijana wenye sanduku la santuri chini ya kitanda. Shida ikawa ile ile yako ya leo. Kutengeneza imekuwa rahisi, sasa nani atasikiliza? Na vifurushi vikaanza kurundikana mlangoni pa Peel.

Kimoja cha vifurushi hivyo kilitoka Ireland Kaskazini. Vijana watano wa mji wa Derry, ambao ulikuwa umejaa wanajeshi na mabomu, walikuwa wamerekodi wimbo kuhusu mapenzi ya ujana, kwa lebo ndogo iliyoendeshwa kutoka kwenye duka la santuri mjini Belfast. Mwenye duka alizunguka London akibisha milango ya kampuni kubwa, zote zikakataa. Akamwachia Peel nakala moja. Septemba 1978 Peel aliucheza, na ulipoisha akaurudisha mwanzo akaucheza tena. Hilo halikuwa likifanyika redioni. Bendi ni The Undertones, wimbo ni Teenage Kicks, na mpaka anakufa alisema hakuna alioupenda kuushinda. Ona vile mstari ulivyo mwembamba. Kama kifurushi kile kingepotea chini ya vingine, ningekuwa ninakutajia Undertones kwenye kundi la Stack Waddy.

Bado unaweza kujiuliza, je, kupenda kila kitu si sawa na kutopenda chochote? Mimi pia nilikuwa na shaka hiyo. Lakini Peel alikuwa na masikio yenye chuki zake. Marc Bolan alikuwa rafiki yake wa karibu sana miaka ya sitini, na Peel alimpigia debe wakati hakuna aliyemtaka. Bolan alipogeuka nyota wa T. Rex na muziki wake ukabadilika, Peel hakuficha kwamba haupendi, na urafiki ukapoa. Bendi nyingine zililalamika hivyo hivyo, kwamba ukishafaulu, Peel anakuacha anaenda kwa wadogo. Ni lawama ya haki, nadhani. Ila dakika ulizokuwa ukichukua wewe mwenye jina, kuna mwingine alikuwa anazingoja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Bogshed. Najua hujawahi kuwasikia. Walitoka Hebden Bridge, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Uingereza, katikati ya miaka ya themanini. Besi yao ilinguruma kama matatu iliyokwama kwenye gia ya kwanza, gitaa lilikwaruza, na mwimbaji alibweka zaidi ya kuimba. Walichekwa sana. Peel aliwaalika kurekodi mara tano. Mwaka 1986 gazeti la muziki la NME lilitoa kanda iliyoitwa C86 yenye bendi 22 changa za wakati huo, na Bogshed walikuwemo. Primal Scream walitoka humo wakawa mastaa, Wedding Present nao wakadumu. Wengi wa waliobaki walififia. Bogshed walivunjika kabla muongo haujaisha. Leo ukipata rekodi zile tano, utakuta bendi ambayo haifanani na nyingine yoyote duniani, na ambayo labda hutaipenda. Mimi ilinichukua mara tatu.

Masikio yake hayakuishia Ulaya. Alicheza rege wakati wenzake waliiogopa, na muziki wa Afrika pia. Pia alikuwa na kipindi kwenye idhaa ya dunia ya BBC, kilichosikika kwa masafa mafupi mpaka pande hizi zetu, kwa hivyo kama babu yako alikuwa na ile redio kubwa na anajua Kiingereza, muulize. Mwaka 1986 Bhundu Boys wa Zimbabwe walifika Uingereza na gitaa zao za jit, zinazokimbizana kama watoto. Peel na mtangazaji mwenzake Andy Kershaw wakaenda kuwaona, na Kershaw alisimulia baadaye kwamba alipomgeukia mwenzake alimkuta analia machozi. Wakawapigia debe kwelikweli. Mwaka uliofuata Bhundu Boys walikuwa uwanja wa Wembley wakimtangulia Madonna jukwaani. Kampuni kubwa ikawasaini, ikataka wasikike kidogo kama watu wa kizungu, mashabiki wakapoa. Kisha UKIMWI ukawachukua watu watatu wa bendi hiyo mapema miaka ya tisini. Kiongozi wao Biggie Tembo, ambaye alikuwa ameshaachana na wenzake, alijitoa uhai mwaka 1995. Redio inaweza kukufungulia mlango. Haiwezi kukaa nawe ndani ya nyumba.

Kuna sehemu nyingine ambayo siwezi kuiruka, hata kama ningetaka. Akiwa Texas mwaka 1965, Peel alioa msichana wa miaka 15, yeye akiwa na 26. Alidai baadaye kwamba alidanganywa kuhusu umri wake. Ndoa hiyo ilivunjika. Kuhusu miaka yake ya kwanza ya umaarufu, yeye mwenyewe alizungumza mbele ya wanahabari juu ya wasichana wadogo waliomfuata, kwa namna ambayo enzi hizo ilichekewa na leo inachukiza. Mwaka 2012 mwanamke mmoja alijitokeza hadharani kusema alikuwa na uhusiano naye mwishoni mwa miaka ya sitini akiwa na miaka 15. Peel alikuwa amekufa na hakuweza kujibu. Tamasha la Glastonbury, ambalo lilikuwa na jukwaa lenye jina lake, lilibadilisha jina hilo mwaka 2023. Ninakuambia haya kwa sababu ukimpenda mtu kwa kazi yake utayakuta mwenyewe, na ni afadhali uyapate hapa kuliko udhani nilikuficha. Kazi ilikuwa nzuri, na haya nayo yalitokea.

Maisha yake ya baadaye yalikuwa ya kijijini. Mwaka 1974 alimuoa Sheila, wakaishi Great Finborough, mkoa wa Suffolk, na kupata watoto wanne. Kama wewe ni shabiki wa Liverpool utampenda hapa, maana majina ya kati ya watoto hao ni Anfield, Anfield tena, Dalglish na Shankly. Nyumba ilijaa santuri, albamu zaidi ya 26,000 na santuri ndogo kama 40,000, bila kuhesabu CD. Alisikiliza demo jikoni, kwenye gari akiendesha kwenda London, usiku, wakati wa likizo. Hakuweza kumaliza na hilo lilimsumbua kama deni. Hewani aliweka santuri kwa kasi isiyo sawa mara nyingi mpaka ikawa kama saini yake. Siku moja mwaka 1983 alilalamika hewani kwamba ana njaa. Kijana mmoja asiyejulikana, Billy Bragg, alisikia, akakimbia kununua biriani ya uyoga na kuipeleka mpaka kwenye jengo la BBC pamoja na santuri yake. Peel akaicheza, kwa kasi isiyo sawa bila shaka, na akasema angeicheza hata bila biriani.

Kuna jambo moja linaniuma. Kanda za BBC zilikuwa ghali, na miaka ya mwanzo walizifuta ili kuzitumia tena. Rekodi kadhaa za bendi hizi ndogo zilipotea hivyo, na kwa baadhi yao hizo ndizo zilikuwa rekodi nzuri kuliko zote walizowahi kufanya. Zilizookolewa ziliokolewa na nani? Na watoto wa shule. Wale waliokuwa wamelala na kaseti tupu ndani ya redio, kidole kwenye kitufe, wakirekodi kipindi ili wakipeleke darasani kesho yake. Kaseti hizo zilikaa kwenye masanduku ya viatu miaka 30, na leo wenye nazo wamekuwa wazee wanaozisikiliza tena mmoja mmoja, wakiandika majina ya bendi na tarehe.

Oktoba 2004 Peel na Sheila walisafiri Peru. Tarehe 25, katika mji wa Cuzco, alipatwa na mshtuko wa moyo akafa. Alikuwa na miaka 65. Zaidi ya watu elfu moja walikuja kumzika, na jeneza lake lilitolewa kanisani Teenage Kicks ikipigwa. Maneno ya wimbo huo wa vijana wa Derry yamechongwa kwenye jiwe la kaburi lake, pamoja na nembo ya Liverpool.

Nyumbani aliacha kisanduku kimoja cha mbao, mbali na yale maelfu mengine. Ndani mlikuwa na santuri ndogo 142, zile ambazo angekimbia nazo kama nyumba ingeshika moto. Orodha yake ilitangazwa baadaye, unaweza kuitafuta. Utakuta Status Quo humo, jambo lililowashangaza wengi. Utakuta The White Stripes. Halafu utaanza kukutana na majina ambayo hujawahi kuyaona popote, moja baada ya jingine. Anza na hayo.